Pumzi Kumi na Moja

Shamsa alikileta kimefungwa ndani ya leso,
leso iliyopauka hata jina lake halisomeki,
akakilaza kwenye meza yangu ya randa, Kuze,
kati ya miguu ya kitanda cha watu na kopo la gundi.
"Kibangala cha babu," akasema.
"Kilikuwa juu ya kabati, kinatunza risiti za maji."

Nilikigonga kwa kidole. Kikakohoa vumbi.
Mimi fundi wa vitanda; la muziki silijui,
ila mti niliujua: mfenesi, gogo moja,
umechimbwa tumbo na mtu asiyekuwa na haraka.
Ndani, kwa tochi ya simu, niliona
karafuu mbili, kifungo cha koti,
na njia ya mchwa iliyokatika katikati,
kana kwamba nao walikumbuka jambo wakarudi.

Miezi minne.
Ngozi ya mbuzi niliitoa kwa mchinjaji wa Majengo,
nikaikwangua kwa kipande cha chupa,
nikaiwamba; ikapasuka.
Ya pili ililegea,
maana mji huu hata kuta hutoka jasho mwezi wa Machi.
Ya tatu ilikubali.
Nyuzi za plastiki alizipiga marufuku Shamsa,
mwalimu wa hesabu, mkali hata Jumapili:
"Utumbo, au tuache."
Basi nikasokota utumbo wa mbuzi yuleyule,
mke wangu kanihamishia uani, mimi na nzi wangu.

Bashrafu yenyewe ilibaki kwenye santuri moja tu,
imemeguka ukingoni, upana wa ukucha wa kidole gumba,
hivyo mwanzo haupo. Sindano huangukia
katikati ya sentensi, kama mgeni anayeingia
watu wamekwisha kucheka.
Shamsa kwa kibangala, Mbwarali kwa fidla ya mjombake,
Badi kapakata dumbaki la udongo,
wakaiga kila kitu, nusura waige na mikwaruzo.
Dakika tatu kamili. Tulijiona.

Ndipo tukamwalika Bi Time wa Kibokoni,
aliyekuwa mtoto wa kupitisha vikombe
katika chumba walimopigia, miaka ile.
Alisikiliza akitafuna tambuu.
Tulipomaliza akauliza:
"Mwafukuzwa na nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Ule mtambo ulikuwa na tumbo dogo," akasema,
"ukila dakika tatu umeshiba.
Waliambiwa wakimbie, wakakimbia.
Siku ile walirudi nyumbani wamenuna.
Kwetu chumbani, mimi nilikuwa nikimimina
kahawa ya watu ishirini, nikarudi kwa wa kwanza,
kikombe chake kimepoa,
na yule wa fidla hajavuka bado."

Na mwanzo je, bibi? Mwanzo ulikuwaje?
Alifumba macho. Mkono ukainuka na dele lisilokuwepo,
ukainama, ukainuka.
"Mwanzo sikuusikia.
Nilikuwa nahesabu vikombe."

Tumeanza upya, polepole, hadi vidole vinauma
na mimi nisiyepiga kitu nachoka kwa kungoja.
Utumbo haupendi mbio; hili sasa nalijua.
Hulegea ukipata joto la mkono,
na Shamsa husimama palepale, hukaza,
hamwombi mtu radhi.

Na pale palipomeguka
hatukutunga kitu.
Mbwarali alitaka. Alikuja na kurasa mbili,
nzuri hasa, tukazisifu, akazikunja.
Tunakaa kimya pumzi kumi na moja,
upana wa ukucha.
Jirani hukaanga samaki. Mlango hubamizwa.
Mtu humwita mtoto, mara ya pili kwa jina la babake.
Halafu Badi hugusa udongo kwa ncha ya kidole
nao huingia, katikati ya sentensi.